Wanagenzi, acheni kujaza tanki la kulanti hadi shingoni

Wiki hii nimemwona kijana wa tatu gerejini kwetu akijaza tanki la kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, hadi shingoni, kisha akafunga kifuniko kwa fahari kama mwenyeji aliyemjazia mgeni sahani. Nami nilifanya hivyo kabla ninyi hamjashika spana, kwa hiyo mniwie radhi nikikaripia.

1. Kiwango husomwa injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare, na kulanti hukaa kati ya alama mbili za tanki, ya chini na ya juu. Kulanti hutanuka inapopata moto, na hewa iliyobaki juu ndiyo inayoupokea mtanuko huo. Mkiiondoa, shinikizo hupanda mpaka vali ya kifuniko ifunguke na kumwaga ziada chini.

2. Toyota nyingi mnazozihudumia zina kifuniko cha shinikizo juu ya rejeta, ile inayopoza kulanti kwa hewa, na chupa ya pembeni hupokea ziada tu na kuirudisha injini inapopoa. Katika Volkswagen, tanki lenyewe ndilo lenye shinikizo. Tofauti hii sikuijua, na ujinga huo ulimgharimu mwalimu mmoja.

3. Nilimbadilishia mpira wa rejeta wa Golf yake, ambayo ni Volkswagen, nikajaza tanki pomoni. Kesho yake alirudi akisema gari limeacha dimbwi la waridi uani kwake. Nilipofungua nilikuta kulanti imeshuka hadi alama ya juu, yaani pale pale ilipopaswa kuwa, lakini mimi niliona upungufu, nikajaza tena. Aliporudi mara ya tatu nilitangaza, mbele ya wateja wengine, kwamba gasketi ya silinda hedi, ile pakingi kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Sikutafuta dalili zake: sikutazama mapovu kwenye tanki, wala kama oili imegeuka rangi ya maziwa. Nilifungua hedi, nikaipeleka kusawazishwa, na gasketi niliyoitoa ilikuwa nzima, haina hata alama ya moshi. Nilinyamaza, kwa sababu nilikwisha kutangaza. Nikafunga gasketi mpya, nikajaza tanki hadi shingoni, na jioni ile ile dimbwi likarudi. Mzee aliyenifundisha kazi aliniuliza swali moja tu: “Umejaza mpaka wapi?” Akavuta ziada kwa bomba la sindano, akamruhusu mwalimu aende, na gari halikumwaga tena. Mwalimu alikuja kunishukuru kwa gasketi nzuri, nami nikazipokea shukrani zile. Fedha za gasketi nilikatwa kwenye ujira baadaye, lakini yeye hakuambiwa ukweli.

4. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata mteja akiwa na haraka ya arusi.

5. Kulanti nzito, yaani isiyotiwa maji bado, huchanganywa na maji yaliyotoneshwa, si ya bombani.

Bomba la sindano liko kwenye droo ya pili, na aliyejaza ile Golf ya bluu iliyoko uani anajijua.