Mwanangu, kuhusu Clemente na ile ndege

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, unauliza huyo Roberto Clemente, mchezaji wa besiboli aliyepewa daraja kwa jina lake hapa Pittsburgh, ana nini mpaka babako navaa jezi namba 21 wakati besiboli yenyewe nimeijulia ukubwani, na kwanini staa mzima apande ndege ya mizigo mkesha wa mwaka mpya wakati angeweza tu kutuma watu.

Hilo la ndege ndo lenyewe. Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko lilipiga Managua, Nicaragua, wakafa maelfu. Clemente alikua katoka kule wiki chache tu nyuma, alipeleka timu ya vijana wa kwao Puerto Rico kucheza, kwahiyo kwake hao sio watu wa kusikia redioni. Akaanza kuchangisha, chakula, dawa, nguo, ndege zikaondoka, kumbe mzigo ukitua wanajeshi wa Somoza, mtawala wa Nicaragua wakati ule, wanajibebea. Sasa wewe umezaliwa huku hujui, ila sisi tuliopanga foleni ya unga wa msaada tunajua gunia linavyotoka limejaa likafika robo. Akaona akisimama pale mwenyewe hawatathubutu. Ndege ilikua DC-7 imechoka, imeshindiliwa mizigo kupita kiasi, ikapaa San Juan usiku wa tarehe 31 haikufika mbali ikaanguka baharini. Mwili haukupatikana mpaka leo. Rafiki yake wa timu, Manny Sanguillén, siku ya ibada hakuonekana kanisani, alikua baharini anazamia kumtafuta.

Uwanjani sasa, miaka 18 timu moja tu, Pirates ya hapa Pittsburgh, hiti (yani kupiga mpira ukafika kituo salama) 3,000 kamili, haizidi haipungui. Hiyo ya mwisho aliipiga 30 Septemba 1972, miezi mitatu kabla. Wazee wa hapa kazini ukiwagusa tu wanaanza, jinsi alivyokua anazungusha shingo kabla ya kushika zamu ya kupiga, kama mtu aliyelala vibaya, manake mgongo ulimsumbua tangu ajali ya gari ya 1954. Waandishi wakawa wanasema anajifanya mgonjwa! Hao hao walimwita Bob wakati yeye anasema naitwa Roberto, na Kiingereza chake wakawa wanakiandika vilevile anavyotamka ili wasomaji wacheke. Unajua mwenyewe hiyo inavyouma, umeshaona babako akirudia jina lake mara tatu kwenye simu.

Usidhani alikua malaika lakini. Mwaka 1960 timu ilichukua ubingwa, kura za mchezaji bora wakamuweka wa nane, kinyongo kile alikaa nacho miaka, na mimi namwelewa kabisa. Wakaja kumpa mwaka 1966.

Ila kinachonimaliza ni 1971. Wamechukua ubingwa, yeye ndo mchezaji bora wa fainali, amepata hiti mechi zote saba, TV ya Marekani nzima inamsubiri aongee. Akaomba kwanza aseme Kispania, akawasalimia wazazi wake kule nyumbani akawaomba baraka, baba yake ni mtu wa mashamba ya miwa, ndo Kiingereza kikafuata.

Ukija mwezi wa saba tiketi nakata mimi, tutakaa upande wa kulia, ndo alikokua anacheza, na ukuta wa pale PNC Park, uwanja wa Pirates, wameujenga futi 21 makusudi kwa namba yake.

Babako