Maswali ya Wasomaji: Themostati ya Kuchomeka kwa Wanyama wa Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza juu ya kifaa kimoja: themostati ya kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, yenye skrini ya tarakimu, waya mrefu wenye sensa (kipimo kidogo cha joto) mwishoni, na soketi mbili, moja ya kupasha joto na nyingine ya kupoza. Kwa wasioijua, themostati yenyewe haipashi wala haipozi. Inasoma joto la pale sensa ilipo, kisha inawasha au inazima kilichochomekwa kwake. Karibu matatizo yote mliyotuandikia yanaanzia hapo.

Asalaam aleikum. Nina sungura wanane kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Nimechomeka feni kwenye soketi ya kupoza nikaweka digrii 26. Feni haizimi toka asubuhi mpaka usiku, na skrini inasoma 33 au 34 mchana kutwa. Kifaa ni kibovu? (Mfugaji, Muyeye, Malindi)

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Kifaa chako ni kizima. Umekipa kazi isiyowezekana.

Feni haipunguzi joto la hewa, inaisogeza tu. Ikiwa ndani ya banda lililofungwa, hewa ile ile ya moto inazunguka, na mota ya feni inaongeza joto lake kidogo. Sensa nayo haina jasho la kukaushwa na upepo, kwa hiyo hata feni ikiielekea, itasoma 33 vilevile. Na wakati wa kaskazi hewa ya nje ya Malindi adhuhuri hupita 30 kivulini, basi hizo digrii 26 feni itazitoa wapi?

Anza na paa. Ikiwa ndani ya banda ni 34 na kivulini nje ni 31, digrii hizo tatu zinatoka kwenye mabati. Tandika makuti juu ya mabati, lakini yasigusane nayo: weka mbao katikati kupata nafasi ya shubiri moja ili hewa ipite. Kuta za upande wa kaskazi na wa kusi ziwe wavu, na mbao za chini zibaki kiasi cha kuzuia mvua ya kupeperushwa. Kama una mwarobaini au mkwaju uani, kulihamishia banda chini yake kunashinda feni yoyote utakayonunua.

Kisha geuza kazi ya feni. Ifunge juu, karibu na paa, ikitazama nje, ili itoe ile hewa ya moto inayojikusanya huko. Acha nafasi ya kuingizia hewa chini, upande wenye kivuli. Sensa ining'inie kimo cha sungura wenyewe, kivulini, isiguse mabati wala wavu. Weka digrii 28, na tofauti ya kupoza (kwenye vifaa vingi ni herufi CD) iwe 1. Feni itawaka joto likifika 29 na kuzima likishuka hadi 28. Usiku hewa ya nje ikipoa itazima yenyewe. Mchana wa Februari na Machi itaendelea kuzunguka, nawe usihangaike nayo. Tundika kipimajoto cha kawaida nje kivulini ulinganishe: ndani na nje vikiwa sawa, feni imemaliza uwezo wake.

Kutoka hapo msaada ni barafu. Sungura hatoi jasho na hajui kuhema vizuri kama mbwa. Joto lake hutoka zaidi kupitia masikio, na hewa ikipita digrii 28 au hivi anaanza kutaabika. Jaza maji chupa za soda za lita 1.5, acha nafasi juu kwa sababu barafu hutanuka, gandisha, kisha zizungushie kitambaa chepesi. Chupa moja kwa kila sungura saa nne asubuhi, nyingine saa nane. Wataegemea wenyewe. Ukimkuta sungura amejinyoosha, anapumua mbio, pua imelowa na mdomo u wazi, mpeleke penye ubaridi, lowesha masikio yake kwa maji ya kawaida, na umwite daktari wa mifugo papo hapo. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu, mshtuko utammaliza.

Mawili ya kuongeza. Nunua feni ya kitufe cha kuzungusha au cha kubonyeza kinachobaki ndani. Feni ya rimoti au ya kugusa haitawaka tena themostati ikirudisha stima, itangoja kidole chako. Na waya wote unaopita karibu na sungura uutie ndani ya bomba la plastiki la mafundi wa stima. Sungura hutafuna waya siku ya kwanza anapoufikia.

Paka wetu amekufa akaacha watoto wanne wa siku tatu. Mvua za kusi zimeanza, na nyumba yetu ya mawe ni baridi usiku. Ninayo themostati na globu nyekundu ya wati 250 ya vifaranga. Niweke digrii ngapi? (Mama wa Langoni, Lamu)

Pole sana, mama. Kwanza iweke kando hiyo globu. Wati 250 zinatosha vifaranga wengi kwenye bruda pana. Juu ya boksi la paka wanne itaunguza ngozi, na ikianguka kwenye nguo itawasha moto. Themostati haiwezi kukulinda na hilo, kwa maana globu iliyowaka dakika tatu tu tayari ina moto wa kuunguza kitambaa.

Kinachofaa ni pedi ya joto ya wati 15 hadi 25, ama kile kichwa cha kauri kinachotoa joto bila mwanga, wati 60, kwenye holda ya kauri. Holda ya plastiki itayeyuka. Ukikosa vyote, globu ya waya ya wati 60 ndani ya kikapu cha chuma, itundikwe kwa mnyororo nusu mita juu yao, usiitegemeze kwa kamba. Globu za LED hazifai, joto lake ni dogo mno.

Chukua beseni au boksi la plastiki la sentimita 60 kwa 40. Joto liwe nusu moja tu. Nusu nyingine ibaki bila kitu ili mtoto anayeona joto limezidi atambae aondoke. Hawa wa siku tatu hawajui hata kutetemeka kwa baridi, lakini kutambaa wanaweza, na ndiyo kinga yao ya pekee.

Sensa ndiyo yenye mtego. Ukiiacha pale wanapolalana, itapima joto la miili yao: itasoma 36, itazima pedi, na yule aliyesukumwa pembeni atapoa huku skrini ikionyesha kwamba mambo ni mazuri. Ifunge kwa utepe upande wenye joto, chini ya tabaka moja la kitambaa, karibu na ukuta wa beseni, mahali wasipoweza kuilalia. Waya utoke kwa juu.

Wiki ya kwanza wanataka digrii 29 hadi 32. Weka 31 (TS, joto unalolitaka) na tofauti ya kupasha (HD) iwe 1: pedi itawaka kwenye 30 na kuzima kwenye 31. Kengele ya joto la juu (AH) iweke 34. Wiki ya pili na ya tatu shusha hadi 28. Wakitimiza wiki nne, kwa hali ya hewa ya Lamu, boksi lisilo na upepo na nguo kavu vinatosha.

Kabla ya kuwatia ndani, acha beseni tupu liwake saa mbili uone skrini inatulia wapi. Na ihakikishe sensa: itie pamoja na kipimajoto cha homa kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, koroga, subiri dakika tatu. Zikitofautiana, sahihisha kwa CA (sehemu ya kurekebisha usomaji wa sensa). Sensa inayosoma 29 pahali penye 31 itawapika taratibu.

Usimnyonyeshe mtoto aliyepoa. Mwili wake ukiwa chini ya digrii 35 tumbo halifanyi kazi na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Mpashe kwanza polepole, kifuani pako, kwa muda wa saa moja au zaidi, halafu umpe maziwa ya unga ya watoto wa paka. Ya ng'ombe matupu huwaharisha. Na mara zote watazame wao kabla ya skrini: wakisongamana na kulia wana baridi, wakitawanyika kila mmoja pembe yake wamezidiwa na joto, wakilala bega kwa bega kimya wako sawa.

Stima ikikatika, chupa ya maji ya moto ambayo mkono wako unaistahimili, izungushie taulo, ibadilishe kila ikipoa. Jiko la makaa usiliingize chumbani hata kwa nusu saa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, nayo itawaua wao na waliomo ndani.

Tangi langu ni la lita 100. Nimeweka hita upande mmoja wa themostati na feni ndogo upande wa pili, digrii 26, tofauti 0.3 pande zote. Vinapokezana kuwaka usiku kucha. (Casuarina, Malindi)

Umevifunga vishindane. Hita ikizimwa, kioo chake bado kina moto, kwa hiyo maji yanapanda kidogo zaidi na kupita 26.3. Feni inawaka, maji yanapoa na kupitiliza chini, hita inarudi. Panua nafasi: HD iwe 1 na CD iwe 1.5. Hita itawaka kwenye 25, feni kwenye 27.5, na katikati yake hakuna kinachoanza kuwaka. Samaki wa maji ya joto hawadhuriki na digrii hizo. Kinachowadhuru ni mabadiliko ya ghafla.

Kwa kweli hapo Malindi hita unaihitaji kwa nadra, usiku wa Julai wenye upepo au kama chumba kina kiyoyozi. Miezi mingine ichomoe kabisa. Shida yenu ni joto. Feni ikipuliza juu ya maji hupoza kwa kuyakausha, digrii 2 au 3, na hewa ikiwa na unyevu mwingi hupungua hapo. Jaza maji yaliyopotea kwa maji yasiyo na klorini. Usisahau pampu ya hewa: maji baridi ya digrii 20 hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 hubeba 7.6 tu, na samaki katika maji ya moto hupumua zaidi. Samaki wakipanda juu kuvuta hewa, pampu itawasaidia upesi kuliko feni.

Sensa ifunge kwa kamba ya plastiki ukingoni. Kile kikombe cha mpira hulegea baada ya miezi michache. Ikichomoka majini na kulala kwenye chumba cha digrii 23, hita haitazima tena. Kwa ajili hiyo chagua hita yenye kidhibiti chake yenyewe, ukiweke 27. Themostati ikikosea, hita itajizuia. Ukibadilisha maji, chomoa hita robo saa mapema, la sivyo kioo kitapasuka kikibaki nje.

Je, naweza kuchomeka kiyoyozi cha mbwa wangu kwenye themostati hii? (Malindi)

Kiyoyozi cha ukutani chenye rimoti, hapana. Kinazimwa kwa kukatiwa stima katikati ya kazi, na vingi havirudi vyenyewe. Kompresa nayo ikiwashwa kabla presha haijatulia huvuta mkondo mkubwa unaochoma rilei (swichi ya ndani) ya themostati. Tumia rimoti, weka 25 au 26. Kiyoyozi cha dirishani cha kale, cha vitufe vya kuzungusha, kinawezekana ikiwa ampea zake ziko chini ya uwezo wa kifaa, na PT (muda wa kusubiri) isipungue dakika 3.

Plagi ya themostati yangu imekuwa ya kahawia upande mmoja na ina harufu. Niendelee nayo? (Shela, Lamu)

Ichomoe leo. Hewa ya chumvi imeotesha kutu kwenye shaba ya soketi, mgusano umelegea, na palipolegea panatoa moto. Badilisha plagi na soketi vyote viwili. Ukibadilisha kimoja, kile kibovu kitakiunguza kipya. Ndani ya plagi ya pedi au hita ndogo weka fyuzi ya ampea 3 badala ya 13: hata wati 250 kwa volti 240 ni ampea moja na kidogo tu. Themostati iliyoandikwa ampea 10 inabeba wati 2400 kwenye karatasi. Huko kwenu usipite 1800.

Ining'inize ukutani juu ya kimo cha kiuno, usiiache sakafuni, na waya uteremke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakiufuata yadondokee kwenye kona hiyo. Tia friji gadi (kifaa cha kukinga vyombo na stima inayoruka) kati yake na ukuta, kwa sababu stima inaporudi ndipo vifaa vinapokufa. Na kila mwezi fanya jaribio hili: hita ikiwa inawaka, fumbata sensa mkononi. Skrini ikipita kiwango ulichoweka na taa ya kupasha ikazima, gusa pedi baada ya dakika chache, au tazama taa ya hita. Kama bado inawaka, rilei imeshikana ndani na kifaa hicho hakitengenezeki, kitupe.