Mwanangu, Lugha Haiji kwa Kukaa Tu

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, kwa sababu ndani yake yamo maswali ambayo watu wengi wa nyumbani wameniuliza nami sikuwahi kuyajibu kwa ukamilifu. Umesema kwamba unajiandaa kuja Ujerumani kusomea uuguzi, na kwamba rafiki zako wanakushauri usijichoshe na masomo ya lugha kwa kuwa mtu akikaa na wenyewe huizoea. Mwishoni, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, ukaniuliza, "Shangazi, huko chakula cha nyumbani unapikaje?" Nitakujibu yote mawili kwa pamoja, kwani kwangu mimi lugha na jiko havikutengana, na sehemu kubwa ya gharama ya kutojua lugha niliilipa nikiwa nimesimama mbele ya sufuria.

Unajua kwamba sikuja huku nikiwa mgeni wa mapishi. Hapo Tanga nilikuwa miongoni mwa wanawake wanaoitwa kwenye shughuli, nikakabidhiwa pilau la kilo 20 za mchele, na wenye harusi wakaenda zao kuvaa bila wasiwasi. Mwaka 2016 nilipomfuata mume wangu hapa Ulm nilikuwa na umri wa miaka 38. Viza ya mwenza ilinitaka niwe na cheti cha A1, ambalo ni daraja la kwanza katika yale sita yanayotumika Ulaya kupima lugha, nami nikasoma Dar es Salaam, nikafanya mtihani na nikafaulu. Kwa A1 mtu anaweza kujitambulisha, kuuliza bei na kujaza fomu fupi. Nikadhani kwamba yaliyobaki yatanijia yenyewe kwa kuwasikia watu.

Hayakunijia. Mwaka mzima wa kwanza nilikaa katikati ya Wajerumani, na siku nyingi maneno yote niliyotamka kwa lugha yao hayakuzidi kumi: salamu, samahani na asante. Mtu mzima akikaa tu na wenye lugha, kitu anachojifunza haraka kuliko lugha yenyewe ni kuikwepa. Nilijua duka lipi nalipia kwa mashine bila kuzungumza na mtu, nikajua saa ambayo jirani mwenye maswali mengi hayupo ngazini, na simu ikilia kwa namba nisiyoifahamu niliiacha ikate. Wanaokuambia utazoea wanasema kweli, lakini hawakuambii kwamba unachoweza kukizoea ni ukimya.

Sasa nije kwenye jiko. Pilau langu la kwanza hapa nililipika kwa ajili ya majirani wa jengo letu, ili wanifahamu kwa kitu ninachokiweza. Neno la mchele nililijua, Reis, nikachukua pakiti iliyoandikwa Milchreis kwa sababu mchele uliokuwamo ulikuwa mweupe sana na bei yake ilikuwa nafuu. Neno la binzari nyembamba nilikuwa nimelitafuta katika kamusi ndogo, nikaandika kwenye karatasi Kümmel, nikaipata kwenye rafu ya viungo, na kwa macho mbegu zake zilifanana kabisa na zile ninazozifahamu, ndogo, nyembamba, zilizopinda kidogo. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi niitakayo, nikatia kitunguu saumu, nyama na viungo, na hapo hapo harufu iliyopanda haikuwa harufu ya pilau. Ilikuwa harufu ya ule mkate wao mweusi na ya kabichi wanayoichachusha, kwa kuwa Kümmel ni kiungo cha vyakula hivyo. Binzari yetu nyembamba inaitwa Kreuzkümmel. Nayo Milchreis ni mchele wa punje fupi wenye wanga mwingi, unaopikwa kwa maziwa na sukari ukawa laini kama uji mzito, ukanyunyiziwa mdalasini. Haukuumbwa kuchambuka. Nilipofunua sufuria nilikuta kitu kinachofanana na bokoboko.

Jambo la tatu la siku hiyo lilikuwa saa. Jirani mmoja alikuwa amependekeza waje halb sieben, nami nikajua kwamba halb ni nusu na sieben ni saba, yaani saa moja yetu ya jioni, nikahesabu saa moja na nusu. Kumbe kwao nusu hiyo huhesabiwa kuelekea saa inayotajwa, haihesabiwi baada yake, kwa hiyo halb sieben ni saa kumi na mbili na nusu. Wageni waligonga mlango nikiwa bado na kanga ya kupikia kiunoni na sufuria mkononi, nikijiuliza kama nimwage au niwape. Niliwapa. Walikula kwa adabu na walishukuru, na mimi sikuwa na maneno ya kuwaeleza kwamba hiki mnachokula si chakula chetu, kwamba kwetu pilau ni kitu kingine na kwamba nalijua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya chakula kuharibika. Nyumbani ukiharibu chakula unasimulia kilichotokea na watu wanakuelewa.

Lililofuata ni zito zaidi, na nimefikiri sana kama nikuandikie. Dada mmoja wa Kituruki, wakati tunasubiri watoto shuleni, alinieleza kwamba samli inapatikana madukani na akanitajia jina lake, Butterschmalz. Sikuliandika. Nilipofika dukani nilikuwa nimebaki na kipande cha mwisho tu cha neno hilo, nikaona kipande cha gramu 250 cha mafuta meupe yaliyoganda, kimeandikwa kwa herufi kubwa Schmalz, nikakinunua. Nilikandia chapati za siku ya Ijumaa, na watoto wakala. Jioni mume wangu alipofungua jokofu alikitoa kile kifungashio, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akanyamaza muda mrefu. Yalikuwa mafuta ya nguruwe.

Nilitupa chapati, unga na mafuta, nikaosha vyombo vyote mara kadhaa, na usiku ule sikulala. Mama mtu mzima wa msikitini, ambaye amekaa nchi hii kwa miaka mingi, aliniambia kwamba Mwenyezi Mungu hamchukulii mja kwa asilolijua, na maneno yake yalinituliza kwa upande wa dini. Upande mwingine haukutulia. Nilikuwa nimewalisha wanangu kitu ambacho maisha yangu yote nimekiepuka, na sababu haikuwa uzembe wala njaa, ilikuwa nusu ya neno niliyoiacha njiani.

Baadaye, nilipoanza kusoma kwa dhati, nilielewa kwamba makosa yangu matatu ya dukani, la mchele, la binzari na la samli, yalikuwa kosa moja. Kiswahili hutaja kitu kwanza kisha kukitambulisha: tunasema mafuta, halafu tunasema ya nini, tunasema binzari, halafu tunasema nyembamba. Kijerumani hutanguliza kitambulisho, kisha hutaja kitu chenyewe mwishoni, na vyote viwili hubandikwa pamoja bila nafasi. Butter ni siagi, Milch ni maziwa. Mimi nililishika jina la mwisho, Reis, Kümmel, Schmalz, na kile kilichotangulia nikakiona kama pambo, wakati ndicho kilichobeba tofauti yote. Hakuna mtu ambaye angenifundisha hilo kwa mimi kukaa karibu naye kwenye basi. Nilihitaji mwalimu, ubao na mazoezi.

Kilichonitoa nyumbani mwishowe ni mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miaka tisa, ameijua lugha kwa mwaka mmoja tu, na mimi nilikuwa nikimchukua kila mahali awe mkalimani wangu. Siku moja, mbele ya daktari wa meno, nilimwona anatafuta neno la kunielezea jambo ambalo mtoto hapaswi kumweleza mama yake, na uso wake ukawa uso wa mtu mzima. Wiki iliyofuata nilijiandikisha katika kozi ya ujumuishaji, ambayo serikali huwawekea wahamiaji: masomo 600 ya lugha, kila moja dakika 45, na mengine 100 kuhusu sheria, historia na maisha ya nchi hii. Lengo lake ni kumfikisha mtu daraja la B1, yaani la tatu katika yale sita.

Darasani nilikaa na vijana wa miaka ishirini na kidogo ambao walishika kwa siku moja nilichokishika kwa wiki. Sitakuficha hilo. Sikio langu lilikuwa zito, na sauti ya ü niliifanyia mazoezi mbele ya kioo kwa miezi. Lakini kulikuwa na mahali ambapo mimi nilikuwa mbele yao. Wenzangu walilalamika kwamba kila jina la kitu lina kijineno chake cha mbele, der, die au das, na kwamba maneno mengine hubadilika kulifuata. Mimi niliona ngeli. Sisi tuna ngeli nyingi kuliko hizo tatu, na tangu utotoni hatusemi kiti yangu wala mti kubwa. Ugumu ni kwamba kwetu jina lenyewe mara nyingi hukuonyesha ngeli yake, lakini la Kijerumani aghalabu halikuonyeshi, kwa hiyo huna budi kulikariri pamoja na kijineno chake. Na siku tulipoandika neno Schule nilihisi kama nimekutana na ndugu, kwa kuwa shule yetu imetoka hapo, kama hela ilivyotoka kwenye Heller, sarafu iliyotumika nchini mwetu wakati wa utawala wa Wajerumani. Usiyadharau mambo hayo madogo. Mtu mzima anayejifunza huhitaji pa kushikia.

Jiko nililigeuza kuwa daftari. Kila chombo nilikibandika karatasi yenye jina na der, die au das yake, na kila kifungashio nilikisoma nyuma kabla ya kukiweka kikapuni, penye neno Zutaten, yaani viungo vilivyotumika, ambavyo kwa sheria za Ulaya huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Jumatano na Jumamosi huwa kuna soko katika uwanja wa kanisa kuu la mji, nami nilijilazimisha kwenda kwa wakulima, ambapo huwezi kununua bila kusema. Huko nako nilikuta kwamba mkate mdogo niliofundishwa darasani kuuita Brötchen, watu wa hapa huuita Weckle, kwa sababu eneo hili lina lahaja yake. Usishangae ukifika na cheti chako na bado usimwelewe muuza mkate. Ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu akashushwa Pemba.

Liko kosa moja la jikoni ambalo nataka ulitazame kwa makini kuliko mengine, kwa ajili ya kazi unayoitaka. Jirani aliniambia kwa simu namna ya kuoka keki ya tufaha, na muda wa oveni akasema fünfunddreißig. Wao hutaja mamoja kabla ya makumi, tano na thelathini. Nikasikia tano, nikaandika 5; nikasikia thelathini, nikaandika 3. Keki ilikaa motoni dakika 53 badala ya 35, na ikaungua. Keki si kitu, mwanangu. Lakini wodini muuguzi atakutajia namba za namna hiyo hiyo, kwa haraka, kwa lahaja, pengine kwa simu, na zitakuwa vipimo vya dawa ya mgonjwa aliyelala mbele yako.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki zako ni hapana. Mafunzo ya uuguzi hapa ni ya miaka mitatu, unalipwa posho ukiwa mwanafunzi, na kwa kawaida utatakiwa ufikie B1 au B2 kabla ya kuanza. Usilione sharti hilo kama kizuizi cha ubalozi cha kurukwa kwa mtihani mmoja na kusahaulika, kama nilivyofanya mimi na A1 yangu. Soma ukiwa huko, ukiwa unalala kwa mama yako na unakula chakula unachokifahamu, kwa sababu huku utasoma ukiwa na kazi, baridi na upweke kwa wakati mmoja.

Na kuhusu chakula, sasa napika kila kitu. Pilau kwa basmati na Kreuzkümmel, ugali kwa unga wa mahindi kutoka duka la Waafrika, chapati kwa unga wa ngano wa namba 550 na Butterschmalz ambayo bado naisoma nyuma kila ninapoinunua. Simu rasmi bado zinanitoa jasho, na kabla ya kuzungumza na ofisi yoyote huandika sentensi zangu kwenye karatasi.

Kuanzia wiki ijayo nipigie kila Jumapili saa tatu usiku kwa saa za Tanga, tuzungumze Kijerumani kitupu kwa dakika 15. Uwe umesimama jikoni kwa mama yako, nami nitakuuliza kimoja kimoja kilichomo kwenye kabati, na namba zote nitakutajia mara moja tu.