Jibu: Nakula mbuzi jioni, usiku wa manane navimba vipele

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: uko North Carolina, unakula mbuzi choma jioni na kulala vizuri, kisha usiku wa manane unaamka na vipele mwili mzima, tumbo linakata. Kuku na samaki unakula bila shida.

Huenda ni mzio wa nyama unaoletwa na kupe. Kwanza kumbuka kama uliumwa na kupe wiki au miezi iliyopita. Mimi yalinikuta Virginia baada ya kufyeka nyasi nyuma ya nyumba. Alama ilibaki kifundoni ikiwasha muda mrefu. Huko Marekani mhusika mkuu ni yule kupe ambaye jike lake lina doa moja jeupe mgongoni. Akikuuma, mwili unaweza kuanza kuikataa sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo kwenye nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Mzio wa karanga hukupiga papo hapo. Huu wa nyama huja baada ya muda wa saa 2 hadi 6 tangu kula, ndiyo maana wengi huambiwa ni chakula kilichochacha.

Nenda kwa daktari wa mizio, uombe kipimo cha damu cha kingamwili za alfa-gali. Kitaje kwa jina, usingoje wakumbuke wao. Kwa sasa acha nyama hizo zote, figo na zenye mafuta ndizo kali zaidi. Angalia pia jelatini, ile itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, kwenye peremende na vidonge. Maziwa huwasumbua baadhi ya watu. Mimi chai yangu naendelea nayo.

Ukibanwa pumzi au ukihisi kuzimia, piga 911 hapohapo. Muulize daktari kuhusu sindano ya epinefrini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ya kutembea nayo. Na jikinge na kupe, kuumwa tena kunaweza kuuamsha mzio upya.