Ndege ikipita miaka 10 nisipande?

SWALI: Injinia habari za kazi. Mimi nafanya biashara Dar na Unguja, karibu kila wiki nipo kwenye zile ndege ndogo za injini moja, na mwezi ujao nasafiri kwenda Dubai. Nimesoma habari za zile Comet za Waingereza zilizopasuka angani ati sababu ya madirisha ya mraba. Jamaa yangu kanishauri niwe naangalia ndege imeundwa mwaka gani, ikizidi miaka 10 nisipande. Ni kweli? Alafu safari ya China mwaka jana niliona katundu kadogo kwenye kioo cha dirisha, nikakosa raha njia nzima.

JIBU: Katundu hako kamewekwa makusudi, kapo kwenye kioo cha kati ili presha (ile hewa inayoshindiliwa kabini mpumue huko juu) ibebwe na kioo cha nje na ukungu usijae, we lala tu. Na hiyo ya Unguja kama ni Cessna Caravan haijazwi presha kabisa, kwa hiyo habari za Comet hazikuhusu pale, ina ukaguzi wake mwingine.

Sasa hili la mwaka ndo linanichosha. Naulizwa kila siku, na kuna watu mitandaoni wanatoa orodha za ndege za kukwepa kwa kuangalia tarehe ya kuzaliwa tu, hanga hawajawahi kuingia. Hebu chukua hiyo hiyo Comet. Ile yenye namba ya usajili G-ALYP (tuiite YP) ndiyo iliyobeba abiria wa kwanza wa ndege ya jeti, tarehe 2 Mei 1952, London mpaka Johannesburg kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, yaani watu wa Entebbe waliiona ikiwa bado inang'aa. Tarehe 10 Januari 1954 ikakatika vipande juu ya bahari karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Haijafikisha hata miaka miwili kazini! Kwa sheria ya jamaa yako ungeipanda huku unachekelea. Comet zikasimamishwa, zikafanyiwa marekebisho ya kubahatisha maana chanzo hakijajulikana, zikarudishwa angani 23 Machi, na 8 Aprili nyingine, G-ALYY (YY), ikaanguka karibu na Naples na watu 21.

Bodi la ndege halihesabu miaka, linahesabu mara ngapi limejazwa presha. Ukipaa linatanuka kidogo, ukitua linarudi, na kila mara pale kwenye tundu au kona ndo panaumia zaidi, kama kandambili inavyokatikia pale pale kwenye tundu la mkanda wakati soli bado nzima. YP ilikuwa imejazwa mara 1,290, YY kama mara 900. Na hayo madirisha ya mraba watu wanayasimulia kuliko yalivyokuwa, kona zilikuwa zimezungushwa, na kwenye YP mpasuko haukuanzia hata dirisha la abiria, ulianzia juu ya paa kwenye uwazi wa antena ya redio, jirani na tundu la bolti.

Kinachoniuma mimi ni kwanini kampuni iliyoziunda ilikuwa na uhakika vile. Walichukua kipande cha kabini wakakijaza presha mara mbili ya ile ya kawaida, kikashika. Baadaye kipande hicho hicho wakakijaza na kukipunguza tena na tena, kikafika kama mara 16,000 ndo kikapasuka, wakafurahi. Kumbe ile presha kubwa ya mwanzo ilishavuta aluminiamu kwenye zile kona mpaka ikatulia upya, kipande kikawa kigumu kupata ufa kuliko ndege zenyewe zilizouzwa, maana zenyewe hazikupitia presha ya kiwango hicho. Watafiti wa Farnborough, kituo cha serikali ya Uingereza cha kuchunguza ndege, walipoizamisha Comet nyingine, G-ALYU, kwenye tangi la maji na kuijaza mara kwa mara, ukijumlisha na safari zake za kweli ilipasuka kwenye 3,057. Siyo 16,000.

Hiyo "tumeijaribu kwa nguvu ikashika" ndo ugonjwa, siyo mwaka. Boeing 747 ya Japan Airlines iligonga mkia wakati wa kutua Osaka 1978, ikatengenezwa, ila bamba la kuunganishia ukuta wa presha wa nyuma (unaofunga kabini upande wa mkia) likawekwa vipande viwili badala ya kimoja, kwa hiyo mzigo ukabebwa na mstari mmoja wa riveti. Ilishika. Ikaruka zaidi ya mara 12,000, na 12 Agosti 1985 ule ukuta ukaachia, watu 520 wakafa, wakapona wanne tu. Ukitaka ndege ambayo kweli ilichoka ipo ile 737 ya Aloha kule Hawaii, 1988, safari fupi fupi za visiwani na chumvi ya bahari, ilikuwa na safari 89,680 ndani ya miaka 19, paa likang'oka juu hewani na mhudumu mmoja akafa. Ndege ya safari ndefu yenye umri ule ule haikaribii idadi hiyo. Na kuna abiria aliuona ufa wakati anapanda, akanyamaza. Wewe ukiona kitu mwambie mhudumu, acha aibu.

Lakini afadhali hata ndege, kuna watu wanazikagua na vifaa. Mimi ninachoogopa nikipita mtaani ni mitungi ya kompresa ya kujazia upepo matairi, imeota kutu, ina ufa, fundi anachomelea juu juu, anapaka rangi, anajaza upepo mpaka geji inafika mwisho, anakwambia "unaona, imeshika", na watoto wamesimama pembeni wanaangalia. Farnborough walitumia maji kwa sababu maji yakipasua chombo hayarushi vipande kama hewa, na hao walikuwa wataalamu. Mtungi wenye ufa hauchomelewi, toa upepo wote, utoboe asije mtu akaurudisha kazini, peleka skrepa.