Wamekosa wote wawili, lakini hawakukosa kitu kimoja

Wanafunzi wawili wamepewa swali moja: 1/2 + 1/3. Mmoja ameandika 2/5, mwingine 4/6. Mwalimu mwenye haraka anatia alama ya kosa kwenye madaftari yote mawili na kusonga mbele. Lakini hebu angalia tena. Wa kwanza amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Hajui asili ya sehemu, yaani namba ya chini, inasema nini, na hata hajashtuka kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Wa pili amepata asili ya pamoja, 6, akageuza nusu kuwa 3/6 sawasawa, kisha akasahau kuzidisha kiasi, yaani namba ya juu ya 1/3, akaandika 1/6. Huyu anahitaji dakika tano na mazoezi matatu. Yule wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye karatasi: aikunje vipande viwili sawa, nyingine vitatu, aone kwa nini vipande vya ukubwa tofauti havihesabiwi pamoja. Ukiwarudia wote somo lilelile, mmoja atachoka na mwingine atakariri.

Tunapozungumzia tofauti za wanafunzi, wengi hukimbilia akili: huyu mwepesi, yule mzito. Darasani tofauti inayoleta shida zaidi ni ile ya kile mtoto alichokuja nacho kabla hujafungua mdomo. Hiyo inapimika. Kabla ya mada mpya, toa maswali matano au sita, yasiyotolewa alama, yanayogusa misingi ya mada hiyo, si mada yenyewe. Ukienda kufundisha kujumlisha sehemu, uliza vigawe vya 4, uliza ipi kubwa kati ya 1/3 na 1/4, uliza 2/4 ni sawa na nini. Fanya hivyo siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya kipindi, la sivyo utayaona majibu na usiwe na muda wa kubadilisha andalio la somo. Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu waliopata na waliokosa tu. Soma walivyokosa.

Baada ya hapo usigawe malengo, gawa msaada. Darasa zima lilenge kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, ila anayeanza apewe mfano uliokwisha kufanywa hatua kwa hatua, anayefuata apewe mfano uliokatizwa katikati aumalizie, na aliyeiva apewe swali tupu. Kisha msaada upunguzwe kadiri anavyopanda. Walimu wengi wazuri hukwama hapa: huutoa msaada kwa moyo wote, wakasahau kuuondoa. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa akiendelea kupewa kila hatua, anaacha kufikiri na kuanza kunakili.

Kuna watoto wanaoitwa wazito ambao shida yao haipo kwenye somo kabisa. Anayenakili vibaya kutoka ubaoni lakini vizuri kutoka daftari la jirani, macho yake yapimwe. Anayejibu swali ambalo hukuliuliza, anayetazama midomo yako, au anayeelewa ukiwa karibu na kupotea ukigeukia ubao, fikiria masikio. Na kwa watoto wadogo usikivu unaweza kushuka wiki hii na kurudi baadaye, hasa wanapokuwa na mafua na maji yakajaa nyuma ya ngoma ya sikio. Chaki nyekundu na ya kijani kwenye mchoro mmoja huwapoteza wasiotofautisha rangi hizo, na hao ni wavulana zaidi kuliko wasichana. Kwa anayefeli mitihani ya maandishi, kipimo ni rahisi: msomee swali kwa sauti, ajibu kwa mdomo. Akijibu vizuri, somo analijua. Kinachomshinda ni kusoma, au kuandika, au lugha ya kufundishia. Kumpa mazoezi zaidi ya somo ni kumwadhibu bure.

Ukimya nao hudanganya. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alichunguza madarasa na kukuta walimu wengi husubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza swali, kisha hulirudia au humwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wengi zaidi walijibu. Sekunde tatu ni ndefu sana ukiwa mbele ya darasa kimya, hesabu kimoyomoyo. Na usitaje jina kabla ya swali, maana ukilitaja, wengine wote wamepumzika.

Jambo moja usipotezee muda: kuwagawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani waliupitia utafiti uliokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa “mtindo wake”. Umbo la pembetatu linahitaji kuonekana kwa kila mtu. Matamshi yanahitaji kusikika kwa kila mtu. Njia huamuliwa na somo.

“Nina wanafunzi 60, nitawezaje?” Swali la haki. Huwezi kumfuatilia kila mmoja kila siku, basi usijaribu. Chagua watano kwa siku, uwatazame kwa makusudi. Siku 12 za masomo zikiisha umewamaliza. Dakika tano za mwisho wa kipindi, kila mmoja ajibu swali moja kwenye kipande cha karatasi. Usisahihishe, panga mafungu matatu: ameelewa, amekosea hatua, hajaanza. Hayo mafungu ndiyo makundi ya kesho. Mada ikibadilika, makundi yavunjwe, kwa kuwa kundi likidumu muhula mzima linageuka jina, na watoto hulijua jina hilo hata ukiliita kwa ua au ndege.

Anayemaliza mapema asipewe maswali kumi zaidi ya aina ileile. Hiyo ni adhabu ya kuwa hodari. Mpe moja gumu zaidi: atafute sehemu tatu tofauti zenye kiasi 1 ambazo jumla yake ni 1. Kuwafundisha wenzake kunafaa mara mojamoja, isiwe ajira yake.

Unayoyaona yaandike: daftari moja, ukurasa kwa kila mwanafunzi, tarehe, alichokosea, kilichomsaidia. “Mvivu” si maelezo. “Huruka hatua ya kubadilisha asili” ni maelezo. Mwisho wa mwaka mkabidhi mwalimu atakayelipokea darasa, baada ya kuondoa kurasa zenye mambo ya nyumbani ambayo mtoto alikuambia wewe peke yako.