Maswali ya Wasomaji: Raketi ya Tenisi na Sheria Zake

SWALI: Mhariri, nyuzi za raketi yangu hukatika kila baada ya wiki chache, nami nilimwomba fundi anayetufungia nyuzi hapa klabuni azivishe mirija myembamba ya plastiki. Alikataa katakata, akisema kwamba raketi ya namna hiyo haitakubaliwa mashindanoni. Raketi zilikuwa za mbao, zikawa za chuma, na leo ni za kaboni, wala hakuna aliyezizuia. Kwa nini mirija iwe kosa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Fundi wako yuko sahihi, na kanuni anayoifuata ilizaliwa kutokana na mambo yaliyotokea mwaka 1977. Hadi wakati huo sheria za tenisi zilieleza kwa makini ukubwa, uzito na mdundo wa mpira, lakini hazikusema lolote kuhusu raketi. Mjerumani mmoja, Werner Fischer, alitengeneza raketi yenye tabaka mbili za nyuzi za wima, moja kila upande, huku nyuzi chache za mlalo zikipita katikati bila kusukwa pamoja nazo, na baadhi ya nyuzi zikiwa zimevishwa mirija ya plastiki. Mpira ulipogusa nyuzi hizo, zote ziliteleza kwa pamoja kisha zikarudi mahali pake kwa nguvu, na mpira ukaondoka ukizunguka kupita kiasi. Wapinzani walitatizwa hata na mlio wake, maana mpira ulitoka kimyakimya, na mchezaji wa tenisi hutegemea sana sikio lake kujua umepigwa kwa nguvu gani.

Katika mashindano ya wazi ya Marekani mwaka huo, Michael Fishbach, mchezaji asiyejulikana sana, alimtoa Stan Smith, bingwa wa zamani wa Wimbledon, akitumia raketi ya aina hiyo. Mwezi Oktoba, huko Aix-en-Provence, Ufaransa, Ilie Nastase wa Romania aliishika raketi kama hiyo dhidi ya Guillermo Vilas wa Argentina, aliyekuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Nastase alichukua seti mbili, 6–1 na 7–5, ndipo Vilas akaondoka uwanjani kwa hasira na kuiacha mechi.

Shirikisho la Tenisi la Kimataifa liliipiga marufuku raketi hiyo kabla mwaka haujaisha, na mwaka 1978 likaandika kanuni ya kwanza ya raketi. Kanuni hiyo haikujali fremu imetengenezwa kwa nini. Ilijali pale mpira unapogusa: uso uwe bapa, nyuzi zipishane, mmoja juu na mwingine chini kama ukili unavyosukwa, na zisiachane zaidi katikati kuliko kwingine. Vitu vya kuongezwa juu ya nyuzi vinaruhusiwa tu iwapo kazi yake ni kupunguza kuchakaa au mtetemo, na viwe na ukubwa wa kiasi. Kwa hiyo vipande vidogo vya plastiki vinavyopachikwa kwenye makutano ya nyuzi ni halali, navyo vitakufaa. Mirija inayovishwa uzi mzima ndiyo inayogongana na kanuni.

Naiona kanuni hii kuwa ya haki, ingawa nakiri kwamba haikuumaliza mjadala. Nyuzi za poliesta alizotumia Mbrazili Gustavo Kuerten kushinda mashindano ya wazi ya Ufaransa mwaka 1997 nazo huteleza na kurudi, zikaongeza mzunguko wa mpira, lakini zimesukwa kama kanuni inavyotaka, kwa hiyo zikabaki.

SWALI: Mwanangu wa miaka 16 anataka raketi ya sentimita 71, ilhali wenzake wote wana za sentimita 68.5. Je, inaruhusiwa?
Mzazi, Nakuru

JIBU: Inaruhusiwa. Kikomo cha urefu, pamoja na mpini, ni sentimita 73.7. Zamani kilikuwa 81.3, kikapunguzwa kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1997 na kwa wengine wote mwaka 2000. Uzito hauna kikomo katika kanuni, lakini raketi ndefu huhisiwa nzito zaidi mkononi hata kama mizani inasema zinalingana. Kabla ya kulipa, mwache aizungushe kama anayepiga sevu, mara ishirini hivi, kisha umuulize bega linasemaje.